Mnyonya Damu Hamfungi Mtu Taya

Ukitaka kumuua mtu kwenye karatasi, Masumbwe ni mahali pazuri pa kumuulia. Mji uko kwenye barabara kuu itokayo Kahama kwenda Ushirombo na kuendelea hadi mpaka wa Rwanda, na malori hupita usiku na mchana. Pembeni kuna mpunga, mahindi, ng'ombe wa Wasukuma waliohamia katika nchi ya Wasumbwa, na machimbo ya dhahabu ambako kijana hufika na begi moja mgongoni, akapewa jina la utani, akashuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kabla mtu hajamuuliza ukoo wake. Akitoweka siku tatu, wenzake hudhani amesikia kuna duara limetema dhahabu kwingine akalifuata. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi anahitaji nini tena? Wageni wapo, fedha isiyoandikwa popote ipo, mashimo yapo, na wasimuliaji ndio usiseme.

Hao wasimuliaji ndio kiini cha kazi yote. Tuseme asubuhi moja maiti ya mchimbaji inakutwa imeegemezwa kwenye mti, karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu. Ameketi, macho yamefumba, uso na midomo vimepauka, na hakuna jeraha linaloonekana. Kabla askari hajapata usafiri wa kumfikisha, stendi imeshapata jibu: amenyonywa damu. Mumiani hao. Wengine watasema chinjachinja. Bodaboda wa kwanza ataifikisha habari Lulembela, wa pili Nyakafulu, na ikifika saa nne litakuwepo gari jeupe lililoonekana usiku likizima taa.

Maiti hiyo nimeitunga mimi, na nitairudia. Nimeitunga ili niusifu vizuri ufundi mmoja ambao watu hupita juu yake haraka kwa sababu vitabu vyenyewe viliuzwa kwa bei ya soda na kusomwa kwenye mabasi: ufundi wa mwandishi wa upelelezi anapokabidhiwa uvumi wa kutisha na kutakiwa aufanyie kazi.

Fundi hafifu hukosea kwa njia mbili. Ya kwanza, humleta inspekta kutoka Dar es Salaam, amevaa koti kwenye jua la Geita, na ukurasa wa tatu tu anawaambia wanakijiji kwamba ni wajinga. Msomaji aliyekulia hukohuko hufunga kitabu, na ana haki. Ya pili, humfanya mumiani awe kweli, mwenye meno na mabawa, na hapo mpelelezi hana kazi tena. Kazi iliyobaki ni ya mganga. Njia iliyo katikati ni nyembamba, na walioweza kuipita wameipita kwa kuelewa jambo moja: mtu aliyeona mara nyingi hakukosea alichokiona. Alikosea alipokieleza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mwandishi mzuri wa upelelezi huikubali methali hiyo nzima nzima, kisha hukaa chini kutafuta hilo lililopo liko wapi, maana ni nadra kuwa pale linapoonyeshwa kidole.

Mfano safi kuliko yote niujuao ni wa Kiingereza, nao nautaja kwa sababu una uhusiano na kwetu. Mwaka 1924 Arthur Conan Doyle alichapisha kisa kifupi cha Sherlock Holmes kuhusu mnyonya damu wa Sussex. Bwana mmoja, Ferguson, ameoa mke wa pili kutoka Peru, na wana mtoto mchanga. Yaya anamfuma mama ameinama juu ya mtoto, shingo ya mtoto ina kidonda, na mama ana damu midomoni. Akiulizwa, mama hakanushi wala haelezi, anajifungia chumbani. Ndani ya nyumba yupo pia mtoto wa kiume wa mke wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, mwenye ulemavu, anayempenda baba yake kupita kiasi. Ukutani zimetundikwa silaha kutoka Amerika ya Kusini. Na yupo mbwa ambaye miguu yake ya nyuma imepooza ghafla, na daktari wa wanyama hajui kwa nini.

Holmes hasemi kwamba yaya ni mwongo. Anamtazama mbwa. Anatazama ukutani. Kisha, baba anapomshika mtoto mchanga, hamtazami mtoto. Anautazama uso wa yule kijana kwenye kioo cha dirisha, na humo anauona wivu ukiwa uchi. Kumbe kijana alikuwa akimchoma mdogo wake kwa mshale wenye sumu, na mbwa alikuwa wa majaribio. Mama alikuwa akiinyonya sumu ili mtoto asife. Alinyamaza kwa sababu alimpenda mumewe, na hakutaka kuwa yeye wa kumwambia kwamba mwanawe kipenzi ni muuaji.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi nikitafuta mahali ambapo mwandishi amedanganya, na sijapaona. Damu midomoni ilikuwa damu midomoni. Kidonda cha shingo kilikuwa kidonda. Hakuna hata kitu kimoja alichokiona yaya kilichotupwa mwishoni. Vyote vimebaki pale pale, isipokuwa aliyedhaniwa mnyonyaji amekuwa mwokoaji. Mapenzi nayo hayakuwekwa kama pambo la kumvutia msomaji. Ndiyo yaliyoufunga mdomo wa shahidi mkuu, na bila hayo pasingekuwa na fumbo kabisa. Na msomaji wa Shinyanga, anayejua upinde na mishale ya Sungusungu, hahitaji kupelekwa Peru ili aelewe mshale wenye sumu hufanya nini.

Uhusiano na kwetu ni huu. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918, alimsoma Holmes vizuri, akamchukua yule mpelelezi mwenye kiko akamfanya Bwana Msa, akampa rafiki wa kufuatana naye, Najum, kama vile Holmes alivyo na Watson wake. Kisa chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, kikatoka kuwa kitabu mwaka 1960. Wahakiki wamelisema sana deni hilo kwa Holmes. Mimi huona deni ni dogo kuliko alichoongeza. Holmes alikutana na mnyonya damu mara moja, kwa bahati. Abdulla alikwenda mwenyewe kupiga hodi kwenye mlango wa hofu za watu wake na akauweka mlango huo kwenye jalada la kitabu.

Angalia majina. Mzimu wa Watu wa Kale: maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri na hawapiti ovyo. Kisima cha Giningi cha 1968: Giningi, kama kila mtoto wa Unguja alivyosimuliwa, ndiko wachawi wanakokutana. Mtu anayenunua kitabu chenye jina hilo analipia jini. Abdulla anajua hivyo, na hamwondoi jini haraka. Anaiacha hofu ikae, ipate sauti, isemwe na watu wenye heshima zao kwa Kiswahili kitamu. Wakati huo huo Bwana Msa anauliza mambo madogo ya kuchosha: nani alikuwa na nani, nani anadai nini, nani mtoto wa nani. Ukifika mwisho, mahali patakatifu pamebaki patakatifu, waliopaogopa hawajadhihakiwa, na aliyeua ni mtu mwenye mikono miwili na sababu zake. Kabla ya kuhariri gazeti la Mkulima, Abdulla alifanya kazi kwenye idara ya afya huko Zanzibar akiwa mkaguzi, na napenda kuamini kwamba jicho la Bwana Msa lilianzia huko. Mkaguzi wa afya akiambiwa kisima kimelogwa hacheki. Anauliza choo kimechimbwa wapi.

Waliomfuata walikuwa na mwendo mwingine. Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo ya 1965, aliitoa hofu mzimuni akaitia kwenye simu, chombo ambacho kwa wasomaji wengi wa wakati ule kilikuwa cha ajabu vile vile. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba na bastola yake katika Kufa na Kupona mwaka 1974, na upelelezi ukawa mbio. Nawapenda, lakini wao ni wa kusifiwa siku nyingine, maana mwenye bastola hahitaji kusikiliza uvumi.

Kusikiliza ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana, na historia imeacha ushahidi. Januari 1732 madaktari wa jeshi la Austria walitumwa kwenye kijiji kimoja cha Serbia ambako watu walisema wafu wanatoka makaburini kunyonya damu. Wakafukua. Wakaandika kwa uangalifu mkubwa: mwili fulani haujaoza, damu mbichi mdomoni, kucha mpya. Ripoti ile ilisomwa Ulaya nzima, na ndiyo iliyoeneza habari za vampaya kutoka vijijini hadi kwa wasomi. Walichokiona kilikuwepo kweli. Maiti huvimba kwa gesi, na gesi husukuma majimaji mekundu hadi kinywani. Ngozi ya juu hubambuka na ya chini huonekana mpya. Penye baridi kuoza huchelewa. Macho yao yalikuwa mazuri. Kilichokosekana ni swali la pili: maiti nyingine, ambazo hazijasingiziwa, zikoje? Mwaka 1755 daktari wa malkia Maria Theresa, Gerard van Swieten, alilichunguza jambo la namna hiyo hiyo na kueleza kwa sababu za asili, na malkia akapiga marufuku kufukua na kuchoma maiti. Inspekta wa riwaya angemtambua van Swieten kuwa ni mwenzake wa kazi.

Kanda yetu nayo ina kidokezo kilichosomwa vibaya kwa miaka mingi, na kimeua. Vikongwe wa Shinyanga, Geita na Mwanza wamekatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na ushahidi ukiwa macho mekundu. Macho ni mekundu kweli. Bibi amepika kwa miaka hamsini kwenye jiko la mafiga lisilo na dirisha, kwa kuni, na kuni zikiadimika, kwa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Moshi ule ungeyafanya macho ya yeyote kuwa hivyo. Bwana Msa angeingia jikoni kwanza, angekohoa, na kesi ingekwisha.

Na si kanda yetu tu. Siku ya kwanza ya Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na kundi la watu na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kwa ajili ya utafiti wa udongo. Kijijini ilivuma kwamba ni wanyonya damu. Hapo pia walioona hawakukosea: wageni, gari, vifaa. Uvumi kama huo una ukoo mrefu. Nairobi na Kampala za ukoloni wazimamoto waliogopwa kuwa ndio wanyonya damu, na mwanahistoria Luise White aliyezikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000 alizichukua kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala uliowazunguka. Najua kuna watakaosema riwaya haizuii kundi lenye mawe. Haizuii. Mimi nasifu ufundi, na sijasema ni chanjo.

Na tusijidanganye kwamba kila uvumi ni moshi wa jikoni. Tangu 2007 hivi, watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa waliwindwa na kukatwa viungo kwa imani kwamba viungo hivyo huleta utajiri, na machimbo yalitajwa mara kwa mara miongoni mwa mahali penye wateja. Lilisemwa na lilikuwepo. Machi 2009 serikali ya Rais Kikwete ilianzisha kura za siri ili wananchi waandike majina ya wanaowashuku. Hebu lifikirie jambo hilo kwa jicho la mwandishi: uvumi wa kanda nzima, umekunjwa kwenye karatasi, ukatumbukizwa kwenye sanduku. Ndani ya masanduku yale lazima yalikuwemo majina ya wauaji, na lazima yalikuwemo majina ya majirani waliogombania mpaka wa shamba. Nani atayachambua?

Septemba ya mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwatia hatiani watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino wa miaka 14, katika Wilaya ya Bukombe, ambayo wakati huo ndiyo iliyokuwa na Masumbwe ndani yake, kabla Mbogwe haijawa wilaya na Geita haijawa mkoa. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Kwa mujibu wa ushahidi, mmoja wa washtakiwa alikutwa na mguu wa mtoto. Mahakama haikuhitaji kuamua kama dawa ya kiungo inafanya kazi au haifanyi. Ilihitaji kujua mguu ulikuwa kwa nani.

Sasa mapenzi. Mtu anayeuza vitabu atakuambia kwamba riwaya ya upelelezi bila mwanamke haitoki dukani, na waandishi wetu walilijua hilo. Ben Mtobwa alimpa Joram Kiango mwenzake, Nuru, na wasomaji wengi nadhani waliendelea kununua kwa ajili ya Nuru. Majina ya vitabu vya Mtobwa, kama Salamu Toka Kuzimu na Malaika wa Shetani, yanaahidi jini kama ya Abdulla, lakini mapenzi yake yanakwenda sambamba na kisa: wapenzi wanakimbia, risasi zinapita, wanabusiana, wanakimbia tena. Abdulla ana mkono mtulivu zaidi. Kwake mapenzi ni ya watu wengine, yamefichwa ndani ya ndoa, urithi na uzazi, na Bwana Msa huyafikia kama anavyofikia kidokezo kingine chochote. Mke Mmoja Waume Watatu, cha 1975, kimelitaja hilo tangu jaladani. Mimi niko upande wa Abdulla. Penzi linalomwelekeza mpelelezi kwenye jibu hukaa akilini kuliko penzi linalompumzisha.

Ndiyo maana nilimketisha yule mchimbaji chini ya mti. Mpelelezi wangu, tuseme sajenti wa kike aliyehamishiwa hapa juzi na bado anaishi gesti, anafika saa tano. Watu wamesimama mbali, na anawaamkia kabla ya kuiendea maiti. Anawaacha waseme: mumiani, gari jeupe, taa. Anaandika yote. Kisha anaangalia miguu ya maiti. Mtu akifa damu husita kuzunguka na huteremka kwa uzito wake, ikatuama sehemu za chini, na baada ya saa kadhaa haihami tena. Aliyefia ameketi, damu yake hutuama miguuni. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo haionekani upesi, kwa hiyo anatazama nyayo na kucha. Hakuna kitu. Anampandisha shati mgongoni, na huko anaikuta yote. Marehemu alilala chali kwa saa nyingi, na ndipo uso ukapauka. Wanakijiji wamesema kweli kwamba usoni hamna damu. Imehamia mgongoni.

Kwapani kuna michubuko ya kamba, namna ya mtu aliyevutwa kutoka chini. Duara. Hewa nzito huko chini huua bila kuacha jeraha, na mwenye duara akijulikana amefiwa na mtu, wakaguzi watakuja na kazi itasimama. Gari jeupe litakuwa limetajwa kwanza na nani? Hilo anaandika pembeni na kulipigia mstari.

Lakini mwenye duara angemtupa au angemfukia. Asingempandisha hadi penye njia, ambapo akina mama lishe wa asubuhi wangemwona. Sajenti anachuchumaa tena. Macho yamefumbwa na mkono wa mtu. Chini ya kidevu, ikipanda hadi nyuma ya masikio, kuna alama pana ya kitambaa: taya lilifungwa, kama afungwavyo maiti nyumbani kwao, kisha kitambaa kikafunguliwa. Nyuzi mbili za kanga zimebaki kwenye ndevu. Mnyonya damu hamfungi mtu taya. Kuna mtu alikuja usiku, akamtoa mahali walipomlaza, akashindwa kumbeba mpaka mjini, akamketisha pale ili apatikane na azikwe kwa jina lake. Sajenti anasimama, anafuta magoti, na anawauliza akina mama lishe, kwa upole, ni nani kati yao ambaye leo hajawasha jiko.

Nakiacha hapo kwa mwenye nafasi ya kukimaliza, na namwomba mambo mawili. Huyo mchimbaji apewe jina na kijiji alikotoka kabla ya ukurasa wa kumi, na bodaboda aliyesambaza habari ya mumiani asichekwe. Kwa msomaji asiyemjua Bwana Msa, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale. Akisome mara ya kwanza akimtafuta muuaji, na mara ya pili, akiwa amekwisha kumjua, aangalie ni wangapi mle ndani waliokuwa wakisema kweli tangu mwanzo.